Mtoto aliyeumia uti wa mgongo: usisahau kibofu

Ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka juu ya mwembe ikiumiza uti wa mgongo, macho ya familia huwa kwenye miguu: atatembea lini? Suala la mkojo huachwa nyuma kwa aibu, ilhali ndilo linaloweza kumgharimu mtoto figo zake.

Kibofu hupokea amri kutoka kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo. Wiki za mwanzo baada ya kuumia, kibofu hulegea na kujaa bila mtoto kuhisi. Baadaye, kwa wengi, huanza kujikaza chenyewe huku mlango wake ukiwa umebana. Shinikizo hupanda hadi kwenye figo na kuziharibu polepole, bila maumivu. Mzazi akiona nguo zimelowa asidhani kibofu kimeisha mkojo, huenda kimefurika.

Mwaka 1972, Dk Jack Lapides wa Marekani na wenzake walionyesha kuwa mgonjwa anaweza kutoa mkojo mwenyewe kwa mpira ulio safi tu, bila masharti ya chumba cha upasuaji. Kibofu kilichojaa kupita kiasi, walieleza, ndicho hushambuliwa kirahisi na bakteria. Njia hiyo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo.

Muuguzi humfundisha mzazi, kisha mtoto mwenyewe akishakua. Kwa kawaida mkojo hutolewa kila baada ya saa nne hadi sita, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni. Kukadiria ujazo wa kibofu kwa mililita, chukua umri, jumlisha mbili, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 10 ni kama 360. Mkojo ukizidi hapo mara kwa mara, mwambie daktari. Huenda ratiba ikabadilishwa.

Kibofu kinachojikaza sana hutulizwa kwa dawa kama oksibutinini, ambayo hukausha mdomo na kufunga choo. Choo kigumu nacho hukibana kibofu, hivyo mboga, matunda na maji ni muhimu.

Makosa mawili ni ya kawaida: kumnyima mtoto maji ili asilowane, na kumkandamiza tumbo ili mkojo utoke. La kwanza huchochea maambukizi na mawe. La pili huongeza shinikizo kwenye figo.

Homa, kutetemeka, damu kwenye mkojo au mkojo kutotoka kabisa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo au shingo akipata ghafla kichwa kikali na jasho usoni, mketishe wima, toa mkojo na umwahishe hospitali. Huenda shinikizo la damu limepanda kwa hatari.

Hata mtoto akiwa mzima, omba figo zipimwe kwa utrasaundi kwa ratiba ya daktari. Na kabla hajarudi shule, zungumza na mwalimu kuhusu choo chenye mlango unaofungwa, maji na sabuni.