Kitambaa kimeuzwa, pesa ni ya nani?

Mwezi huu twende Kusini, juu ya Uwanda wa Makonde, Mnyambe wilayani Newala. Pita barazani jioni, huko au kule Masasi, utamkuta dada na kroshia yake anafuma vitambaa vya makochi vya kuuza. Nina mambo mawili ya kumwambia yeye na mwenzi wake.

La kwanza ni la ufundi. Kroshia tuliyoizoea ina ndoano upande mmoja. Ipo nyingine, ndefu, yenye ndoano pande zote mbili, na inatumia uzi wa rangi mbili. Unaanza na mnyororo wa kawaida. Kwa uzi wa kwanza, tuseme mwekundu, unavuta vitanzi kimoja kimoja na kuviacha kwenye kroshia mpaka mwisho wa mstari. Unavisogeza upande wa pili, unageuza kazi, halafu kwa uzi mweupe unavifunga: cha kwanza peke yake, vingine viwili viwili, hadi kibaki kimoja. Kwa uzi huohuo mweupe unaokota vitanzi vipya, unasogeza, unageuza, na sasa mwekundu ndio unaovifunga. Unaendelea hivyo hivyo.

Unapata kitambaa kinene, laini, kisichojikunja. Upande mmoja nyekundu inatawala, upande wa pili nyeupe. Ukigeuza, pote panapendeza! Kwa shali ya mtoto au blanketi la baridi ya Juni na Julai kule uwandani, hicho ndicho chenyewe.

Dukani hakuna? Jamani, Wamakonde wanajulikana dunia nzima kwa kuchonga! Kijiti kigumu na msasa vinatosha. Kaka achonge, dada afume.

La pili ndilo linalowasha moto ndani ya nyumba. Kitambaa kimeuzwa, pesa ni ya nani? Baba anaziita vijisenti vya mama, lakini siku mfuko wake ukikauka anazitaka zote. Mama naye anazifunga kwenye pindo la khanga na kusema biashara mbaya.

Hebu tusidanganyane. Kule pesa kubwa inakuja mara moja kwa mwaka, msimu wa korosho. Mwaka 2018 wanunuzi na wakulima walivutana kuhusu bei, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo wakulima waliosubiri malipo yao mpaka 2019. Katika miezi kama hiyo, vijisenti vya kroshia ndivyo vinavyonunua chumvi na daftari la mtoto.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi: kufunga ndoa hakubadilishi umiliki wa mali. Alichopata mke kwa jasho lake ni chake, na wanandoa wana uhuru wa kukubaliana vingine. Sheria hiyohiyo inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo kaka, mkeo kuuza vitambaa si ruhusa ya wewe kuacha kutoa pesa ya matumizi.

Lakini nyumba haiendeshwi kwa vifungu. Kaeni chini kabla kitambaa hakijauzwa. Kwanza toeni pesa ya uzi, hiyo ni mtaji, isiguswe. Kisha kubalianeni kiasi cha kuchangia nyumbani. Kinachobaki ni cha dada, asiulizwe kila shilingi. Na wewe dada, usimfiche mwenzio, maana siku akigundua, hata ukweli wako hatauamini.

Kwenye kitambaa kile nyekundu haikuifuta nyeupe, na wala huwezi kuzitenganisha bila kufumua kazi nzima. Wewe na mwenzio mmefikia wapi kwenye hili? Zungumzeni leo, kabla hamjalala. Panapo majaliwa, tukutane mwezi ujao.