Biharusi, wimbo uendane na hatua zako



Wiki iliyopita mwari mmoja alikuja kujaribu gauni lake la kupambwa, kafuatana na bibi yake. Akanitolea simu: "Dada fundi, nataka niingie ukumbini na hii." Ulikuwa wimbo wa John Summit, "Where You Are", unaoimbwa na Mwingereza Hayla. Bibi akauliza kwa upole, "Na kasida jee?" Mwari kimya.

Usiku ule nikaisikiliza albamu yenye wimbo huo, Comfort in Chaos, huku natia shanga. Ndiyo albamu ya kwanza ya kijana huyo wa Chicago, na ilitoka Julai 2024. Amejulikana kwa teki-hausi, tawi la hausi, muziki uliokulia kwenye disko za mji huohuo miaka ya 1980.

Simdharau. Alisomea uhasibu, akaajiriwa, na muziki akaufanya kando mpaka ukamlisha. Sisi tulioanza na cherehani moja ya kuazima tunaijua subira hiyo. Na kazi yake ina vipimo: pigo linaanza, sauti inapanda, kila kitu kinanyamaza, kisha pigo linarudi kwa kishindo.

Lakini kila nguo ina mahali pake. Hausi hupiga mapigo kama 120 hadi 130 kwa dakika, maana imekusudiwa watu wanaoruka usiku kucha. Mwari wangu ana gauni lenye mkia wa mita mbili na viatu virefu. Nikamwambia, "Haya, weka wimbo wako, tembea." Hatua ya nne akakanyaga mkia. Tukacheka sote. Kisha bibi akaanza kasida kwa sauti yake nyembamba, akipiga kofi taratibu. Mtoto akatembea mpaka mlangoni, macho chini, na mimi nikajikuta nafuta machozi.

Najua mtasema, "Lakini ukumbi ni wa wanawake watupu." Kweli. Ila kusitirika si nguo tu. Ala za muziki wanazuoni wamekhitilafiana, lakini dufu la harusi Mtume wetu (S.A.W.) aliliruhusu. Tunayo furaha yetu, halali na tamu. Kwa nini dakika ile ya kwanza, mama na bibi wanapokutazama kwa mara ya mwisho ukiwa mwari wao, tuazime furaha ya disko?

Rai yangu ni hii: kabla hujampa DJ orodha, muulize bibi yako aliingia na nini. Kisha vaa gauni, vaa viatu, utembee na wimbo wako nyumbani. Miguu itakujibu.

Mwari wangu bado hajaamua. Mkia sijaukata.

Allah azijaalie ndoa zenu baraka, mapenzi na huruma. Aamin.