Ujira wa Kushindwa

Usiku wa tarehe 26 Machi 2015, katika mji wa Buffalo ulio ukingoni mwa Ziwa Erie, kaskazini ya Marekani, lilitendeka jambo ambalo mtu aliyelelewa katika adabu za michezo ya kwetu, akihadithiwa, angedhani anafanyiwa masihara. Timu ya wenyeji, Sabres, ilikuwa ikicheza hoki ya barafuni na wageni kutoka Arizona. Muda wa kawaida ukaisha kwa sare ya mabao 3 kwa 3, ukaongezwa muda mwingine, na kabla dakika moja haijatimia mgeni mmoja, Sam Gagner, akatia bao la ushindi. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Na wale waliosimama wakipiga makofi hawakuwa wageni, bali wenyeji wenyewe, waliovaa jezi za timu iliyofungwa, waliotoa fedha zao mfukoni ili waje waione ikicheza. Beki wa Buffalo, Mike Weber, hakuweza kuificha fadhaa yake mbele ya waandishi wa habari baada ya mchezo, na mimi simlaumu, kwani ni mchezaji gani aliyepata kufundishwa namna ya kustahimili kushangiliwa anapofungwa nyumbani kwake?

Mashabiki wale hawakuwa wamerukwa na akili. Katika ligi yao, ambayo hujulikana kwa herufi tatu za NHL, timu haishuki daraja. Sisi tuliozoea kandanda twajua kwamba anayeshika mkia hutolewa nje ya ligi kuu, akarudi viwanja vya vumbi kujitafutia upya heshima yake; huko mwenye mkia hupewa hidaya. Kila mwaka klabu huchagua vijana wa takriban miaka 18 walioinukia katika ligi za chini na vyuoni, na sheria, kwa nia njema ya kumwinua mnyonge asikanyagwe milele na mwenye nguvu, humpa aliyeshindwa kuliko wote fungu kubwa kuliko wote katika bahati nasibu ya nafasi ya kwanza. Mwaka ule kulikuwa na kijana mmoja wa Kanada, Connor McDavid, ambaye kila mwenye jicho la mchezo alikwisha kumtambua kuwa ni wa namna isiyozaliwa kila siku. Buffalo na Arizona zilikuwa timu mbili za chini kabisa katika 30, na kila pointi iliyopotea ilihesabiwa kuwa hatua moja ya kumkaribia kijana yule. Hesabu ya mashabiki, basi, ilikuwa sahihi, nami naamini kuwa usahihi wake ndio uliokuwa msiba.

Sabres walimaliza msimu wakiwa wa mwisho, na pointi 54, wakaiendea bahati nasibu na fungu la asilimia 20. Kura ikaiangukia Edmonton, iliyokuwa na asilimia 11.5 tu, nayo Edmonton ilikwisha kuchagua kijana wa kwanza miaka mitatu mfululizo, 2010, 2011 na 2012, bila ya kuambulia kuingia hata mara moja katika mechi za mtoano. Mtu mwenye tadbiri angeitazama hali hiyo ya Edmonton kabla ya kushangilia lolote. Buffalo wakabaki na nafasi ya pili, wakamchukua Jack Eichel, kijana hodari wa Massachusetts, ambaye tangu siku ya kwanza alitazamwa kama fidia ya mtu mwingine.

Wakubwa wa mchezo huu wana jina zuri la mambo haya: huyaita ujenzi mpya. Terry Pegula, tajiri aliyechuma mali katika gesi, aliinunua klabu mwezi wa Februari 2011, akatangaza kadamnasi kwamba tangu siku ile sababu ya klabu hiyo kuwako ni kulitwaa Kombe la Stanley, kombe ambalo Buffalo haijapata kulishika tangu ilipoanza kucheza mwaka 1970, ingawa ilifika fainali mwaka 1975 na mwaka 1999. Miezi miwili baadaye timu ikaingia katika mtoano, ikatolewa na Philadelphia katika mchezo wa 7. Kisha mlango ukafungwa. Hadi ulipokwisha msimu wa 2024–25 ilikuwa misimu 14 mfululizo bila ya kuukanyaga mtoano, na hakuna timu nyingine katika historia ya ligi iliyokaa nje muda kama huo. Mwisho wa wengine wote ulikuwa misimu 10.

Wako wasemao kwamba ni kudura, na kwamba lau kura ya 2015 ingeangukia Buffalo tungekuwa tukisimulia hadithi nyingine. Dhana hii haisimami. Mwaka 2018 kura iliwaangukia, wakamchagua wa kwanza Rasmus Dahlin, beki wa Uswidi ambaye ustadi wake haubishaniwi. Mwaka 2021 ikawaangukia tena, wakamchagua Owen Power. Bahati, kwa hakika, iliwagongea mlango mara nyingi kuliko inavyowagongea watu wengi. Walichokosa ni malezi, na walikikosa kwa sababu walikitupa wenyewe.

Nitazame mwaka mmoja tu, tangu Februari 2013 hadi Februari 2014. Kocha Lindy Ruff, aliyeiongoza timu tangu 1997, alifukuzwa. Nahodha Jason Pominville akapelekwa Minnesota. Thomas Vanek, mfungaji wao mkubwa, akapelekwa New York. Na mwisho mlinda lango Ryan Miller, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ndiye nguzo ya nyumba, akapelekwa St. Louis. Kila mchezaji aliondoka kwa kubadilishwa na vijana au na haki za kuchagua vijana, na kila mabadilishano, ukiyatazama peke yake, yalikuwa na hoja yake, maana watu hao walikuwa wakikaribia au wamekwisha kupita umri wa miaka 30. Lakini walipokwisha kuondoka wote, chumba cha kuvalia kilibaki bila ya mtu anayekumbuka jinsi timu inavyoshinda. Kijana wa miaka 18 akiingia chumba kama hicho hukuta vijana wenziwe na wapita njia waliokodiwa kwa mwaka mmoja. Amuulize nani usiku ule timu inapofungwa mara ya tano mfululizo?

Walioijenga Pittsburgh walifahamu jambo hili, na kwa sababu hiyo nakataa kusema kwamba kubomoa ili kujenga ni kosa lenyewe kwa lenyewe. Timu ile nayo ilianguka chini kabisa, nayo ikapata vijana wawili, Evgeni Malkin mwaka 2004 na Sidney Crosby mwaka 2005. Lakini Crosby alipofika mjini akiwa na miaka 18 hakupangishiwa nyumba akaachwa na ukiwa wake. Alikaribishwa nyumbani kwa Mario Lemieux, mmiliki mmojawapo wa klabu na mchezaji mkubwa kuliko wote aliyepata kuvaa jezi ile, akala mezani pamoja na watoto wake, akakaa humo miaka kadhaa. Malkin, aliyekuja kutoka Urusi bila ya Kiingereza, alikaa kwa Sergei Gonchar, beki mkongwe wa kwao. Mwaka 2009 wakatwaa kombe. Sisemi kombe lilipikwa katika jiko la Lemieux. Nasema tu kwamba ukitaka kujua tofauti iliyopo baina ya kulea na kulimbikiza, usianze kwa kuzitazama orodha za mabao.

Buffalo, kinyume chake, iliwafanya vijana wenyewe kuwa wazee. Eichel alipewa unahodha akiwa na miaka 21. Wakati huohuo aliondoshwa Ryan O'Reilly, mmoja wa wachache waliokuwa na umri na uzito wa kumsaidia, baada ya kukiri mbele ya watu, msimu ulipokwisha, kwamba kushindwa kulikuwa kumemwingia hata nyakati nyingine akapoteza mapenzi yake kwa mchezo. Maneno yale yalikuwa ni ya mgonjwa anayeeleza maradhi ya nyumba nzima; wakamtoa mgonjwa, maradhi yakabaki. Mwaka uliofuata, 2019, St. Louis, alikopelekwa, ilitwaa kombe lake la kwanza, na O'Reilly ndiye aliyetunukiwa kuwa mchezaji bora wa mtoano. Insafu yanilazimu niongeze kwamba miongoni mwa waliopatikana kwa badala yake alikuwamo Tage Thompson, ambaye msimu wa 2022–23 alifunga mabao 47. Basi hawakuwa vipofu wa vipaji. Eichel mwenyewe alizozana na klabu juu ya shingo yake iliyoumia na aina ya upasuaji aliyoitaka, akavuliwa unahodha, na Novemba 2021 akapelekwa Vegas.

Kutoka Ruff kufukuzwa hadi Ruff huyohuyo kuitwa arudi, Aprili 2024, walipita makocha sita, na kila mmoja alikuja na neno lilelile: saburi. Ni neno tukufu, na pengine ndiyo sababu hutumiwa vibaya. Saburi ya mkulima ina msimu wake na dalili zake. Akiona mbegu haikuota hurudi shambani akatazama udongo. Bali saburi iliyotakwa kwa watu wa Buffalo haikuwa na tarehe wala dalili, na tiketi ziliendelea kuuzwa. Kwa hivyo mimi siwashangai waliozomea katika miaka ya karibuni. Kuzomea ni kudai, na anayedai bado anaamini kwamba yuko mtu wa kumjibu. Waliponihuzunisha ni ule usiku waliposhangilia.

Na mji wenyewe, ajabu, wajua kujenga. Buffalo ilikuwa na watu wapatao 580,000 mwaka 1950, wakati wa viwanda vya chuma na maghala ya nafaka. Viwanda vilipokufa watu wakahama, hata mwaka 2010 wakabaki takriban 261,000. Mwaka 2020 hesabu ikapanda kufika 278,000 hivi, mara ya kwanza kuongezeka katika miaka 70, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni wageni na wakimbizi, wakiwamo wa kutoka Kongo, Burundi na Somalia, hata Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi majumbani kwa wanafunzi wa shule za mji huo. Mtoto wa jamaa hao aliyezaliwa Aprili 2011 alitimiza miaka 14 bila ya kuiona timu ya mji wake katika mtoano. Majirani aliowakuta, watu waliokataa kuhama, walimfundisha kuipenda timu hiyo hivyohivyo.

Msimu wa 2022–23 Sabres walipata pointi 91, wakakosa mtoano kwa pointi moja tu. Waliowapita walikuwa Florida, na pointi 92. Florida walikwenda hata fainali, na huko wakakutana na Vegas ya Eichel, aliyelibeba kombe. Upande wa pili wa barafu ile alikuwako Sam Reinhart, ambaye Buffalo walimchagua wa pili mwaka 2014 na kumpeleka Florida mwaka 2021, naye alikwisha kuwa wa kwao usiku ule wa Machi waliposhangilia kufungwa ili wampate McDavid. Tarehe 24 Juni 2024 Florida walicheza mchezo wa 7 wa fainali na Edmonton. McDavid alikuwako, akiwa nahodha. Matokeo yakawa mabao 2 kwa 1, na bao la ushindi lilifungwa na Reinhart.