Andika Keja Yako, Wacha Ghorofa ya Watu

Wasee, tuongee ukweli. Kuna aibu moja inatumaliza. Unasajili kampuni kwa eCitizen, ukifika pale pa anwani ya ofisi unaandika jina la ghorofa katikati ya mji wa Kitale. Na wewe unakaa bedsita Tuwani, hiyo ghorofa huwa unaipita tu ukienda steji.

Nimefanya huo ujinga. Niliacha chuo, nikafungua kampuni ya video, nikaona Tuwani haitanipa heshima. Nikaandika ofisi ya rafiki ya binamu yangu. Mteja akanidai pesa, wakili wake akatuma barua huko. Ikalala chini ya kaunta wiki tano. Mimi nilikuwa nimeshahamia Bungoma, pande za Kanduyi, najiita mkurugenzi. Nilipoiona, siku za kujibu zilikuwa zimeisha. Nikalipa deni, na gharama ya wakili juu.

Sheria ya Kampuni ya 2015 inataka kila kampuni iwe na ofisi iliyosajiliwa hapa Kenya, mahali pa kupelekewa barua na notisi. Haijasema iwe na lifti. Na karatasi za korti zikifika hapo, usipojibu, kesi inaweza kuamuliwa bila wewe.

"Lakini mwenye ploti atanifukuza." Najua anachoogopa. Sura ya 301 inalinda wapangaji wa maduka, hawatolewi bila notisi rasmi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema duka ni mahali panapotumika kabisa, au hasa, kwa biashara. Chumba chenye kitanda, meko na laptopu moja si duka. Hakuna bango, hakuna foleni ya wateja. Mwambie hivyo uso kwa uso, na uombe ruhusa kwa maandishi, maana mkataba wako unaweza kuwa umesema makazi pekee. Akikataa, tafuta anwani nyingine ya kweli: kwa mama Kiminini, kwa shangazi Webuye. Yaani mtu atakayekupigia simu barua ikifika.

Na ukihama, hamisha na anwani. Ukibeba godoro hadi Bungoma na kampuni ukaiacha Kitale, hujahama. Umejificha.

Heshima ya kampuni haiko kwa jina la jengo. Ni mtu abishe hodi, na kuwe na wa kumfungulia.