King'ora cha uongo

Wadau, nimetoka Kilangali, kule Kilosa, kumsalimia shangazi. Duka lake lina king'ora chenye vidude visivyo na waya mlangoni. Kinalia usiku bila mwizi, halafu mlango ukifunguliwa kweli, kimya! Majirani wameshaacha kuamka. Mwizi anataka nini zaidi?

Fundi alishauri vinunuliwe vipya. Nikakataa. Kidude ni vipande viwili tu, swichi na sumaku. Tulikibandua tukakijaribu karibu na boksi kuu: hakikukosea hata mara moja. Kumbe betri ni nzima, tatizo ni mlango wenyewe. Ni wa chuma, unazuia mawimbi na kuvuruga sumaku. Tena bawaba zimelegea, upepo ukiusukuma vipande vinaachana. Tukakaza bawaba, tukapachika vipande juu ya vibao, tukafungua mlango mara 10. Kililia mara 10.

Maoni yangu: king'ora kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Vidude vingi vya bei poa hutuma taarifa bila kujua kama imefika. Vijaribuni kila wiki, na mlinzi msimfukuze kwanza.

Au mnasemaje?