Msiondoe ndege zetu mezani

Ndugu zetu wa kambi, na nyinyi kaka na dada mnaofanya kazi na mashirika hapa Dzaleka, leo tunaomba tuongee juu ya jambo ambalo wengi wanaona ni mchezo wa watoto tu: ndege za vita na meli za vita za waya na bati.

Kila mtu hapa ameziona. Tembea jioni upande wowote wa kambi, utakuta kijana amechuchumaa na koleo, anakunja waya, anakata kopo, anapima kwa jicho moja. Wamalawi wanaita vitu hivi galimoto, maana yake gari, na kweli wengi wanaanza na gari au baiskeli. Lakini wadogo zetu waliotoka Kivu, Ituri au Katanga hawaishii kwenye gari. Wanajenga helikopta ya jeshi. Wanajenga Sukhoi. Wanajenga meli yenye mzinga mbele. Hapo ndipo maneno yanaanza.

Kuna maonyesho ya kazi za mikono tulipanga meza yetu vizuri: vikapu, vitenge, picha za kuchora, na modeli 11. Kabla wageni hawajafika, mtu wa shirika moja akapita, akaangalia, akasema kwa upole kabisa kwamba hizi za jeshi ziwekwe chini ya meza, zinaleta picha mbaya. Zikawekwa chini. Gari la wagonjwa la waya likabaki juu. Hatuna kisasi naye, nia yake ilikuwa njema. Ila mawazo hayohayo tunayakuta kwa wazazi wanaotupa modeli jikoni ziungue, na kwa watu wanaopiga picha mtoto na helikopta yake halafu wanaandika chini eti ni alama ya majeraha ya vita, bila hata kumuuliza jina la hiyo helikopta.

Hoja yetu ni moja. Kijana anayejenga ndege ya vita kwa kipimo sahihi hafundishwi kupenda vita. Anakitazama kitu kilichomtisha mpaka akielewe. Ukimnyang'anya, woga unabaki naye palepale, kinachoondoka ni maarifa tu.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Wajenzi wa modeli duniani wana vipimo vyao wanavyokubaliana. Kwa ndege, kinachojulikana sana ni 1:72, yaani sentimita 1 mkononi mwako ni sentimita 72 kwenye ndege yenyewe. Meli ni kubwa zaidi, kwa hiyo wengi wanatumia 1:350 au 1:700. Sasa chukua Sukhoi-25, ile ya jeshi la Kongo ambayo watu wa Goma wanaijua kwa sauti kabla hawajaiona. Mabawa yake, kutoka ncha mpaka ncha, ni mita 14.36. Gawa kwa 72, unapata karibu sentimita 20. Kitu kilichokuwa kinatetemesha mabati ya nyumba kinaingia kwenye rula ya shule na nafasi inabaki! Helikopta ya Mi-24, mapanga yake ya juu yanachora duara la mita 17.3, kwa modeli ni sentimita 24. C-130, ile ndege kubwa ya mizigo, mabawa yanafika mita 40.4, kwa modeli sentimita 56, hiyo tayari inahitaji meza.

Tumewaona vijana waliokimbia hesabu darasani wakikaa saa nzima wanabishana juu ya kugawa kwa 72. Na wakimaliza namba wanaingia kwenye maswali. Kwa nini mabawa ya Sukhoi yako juu ya mwili? Vile vibawa vifupi pembeni mwa Mi-24 ni vya nini? Ni vya kusaidia kuinua, na pia ni vya kuning'iniza maroketi. Kijana anayejua maroketi yananing'inizwa wapi, anajua pia yalienda kuangukia wapi. Mara nyingi anajua kuliko sisi wote tunaomsemea.

Kuna wanaotuambia: mtoto wa kawaida hajengi vitu vya vita. Hivi ni kweli? Ingia kwenye maduka ya Ulaya utakuta maboksi ya Airfix, ya Revell, ya Tamiya kutoka Japani, na picha juu ya boksi ni ndege inarusha risasi. Wazee wastaafu wanazijenga sebuleni na hakuna anayewaitia mshauri nasaha. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba vijana wa shule wachonge modeli 500,000 za ndege za vita kwa kipimo cha 1:72, ili wanajeshi na raia wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui. Watoto wakachonga. Kwa hiyo hatusemi modeli haina mkono katika vita, wakati mwingine inao kabisa. Tunachouliza ni hiki: mbona mtoto wa kule akijenga ndege anaitwa fundi, na wa kwetu anaitwa mgonjwa?

Tena, historia ya vyombo vya vita kwenye maziwa yetu yenyewe inafanana na kazi ya modeli kuliko mtu anavyodhani. Hapa Malawi, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilivuka ziwa mpaka mahali panapoitwa leo Liuli, upande wa Tanzania, ikaipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza, na yule Mwingereza aliyempiga alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Vita ya dunia nzima, na vita yake ya kwanza ya majini inatajwa kuwa ilipiganwa kwenye ziwa ambalo leo tunakula chambo wake.

Ziwa Tanganyika, ambalo wengi wetu tulilivuka au tulizaliwa kando yake, lina kisa kikubwa zaidi. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli huko Papenburg, wakaifungua yote, wakaipakia kwenye maboksi karibu 5,000, wakaisafirisha mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli mpaka Kigoma, na huko wakaiunga upya, kipande kwa kipande. Yaani ni boksi la modeli, ila lenye meli ya mita 71! Wakaiita Graf von Götzen, ikaingia majini mwaka 1915, ikawekewa mzinga uliotolewa kwenye meli yao nyingine, Königsberg, iliyozama Rufiji. Waingereza nao wakaleta boti mbili, Mimi na Toutou, wakazikokota kwenye milima ya Katanga mpaka ziwani karibu na Kalemie. Njia na madaraja ya kupitisha boti hizo yalijengwa kwa jasho la Waafrika ambao majina yao hayako kwenye kitabu chochote tulichosoma.

Mwaka 1916 Wajerumani waliuhitaji ule mzinga mkubwa kwa vita ya nchi kavu. Wakautoa, wakaweka wa mbao mahali pake, ili adui aendelee kuogopa. Kumbe meli iliyotishia ziwa zima siku za mwisho ilikuwa na modeli juu yake! Julai hiyo hiyo, wakaizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi ili zisioze. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba.

Ndiyo, Liemba hiyohiyo. Mei 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani kisicho na barabara, ni Liemba iliyotumwa kuwachukua, mamia kwa safari moja, mpaka Kigoma. Meli iliyotumika kwa vita, miaka 100 baadaye ikabeba watu wanaokimbia machafuko. Kwa kipimo cha 1:350 Liemba ni sentimita 20, sawasawa na mabawa ya ile Sukhoi. Kijana wetu akiijenga na mzinga wake, mtamwambia aiweke chini ya meza? Na akiijenga bila mzinga, ikiwa na watu juu na mabegi yao, ndiyo itaruhusiwa? Meli ni ileile. Anayeijua yote mawili anajua jambo ambalo hotuba nyingi za amani hazimfundishi: kwamba kifaa hakijichagulii kazi, ni watu wanakichagulia.

Sasa tusijifanye hakuna hatari. Zipo, na tunazijua kwa sababu tunaishi nazo.

Ya kwanza, kuna mtoto anayejenga ndege halafu kila siku anailipulia nyumba ileile ya udongo, anaibomoa, anaijenga tena, na usiku halali. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye, na mshauri akiwepo aitwe. Lakini kuna mwingine anayegombana na wenzake kwa sababu mkia umepinda milimita mbili. Huyo anahitaji rula. Na wakati mwingine ni mtoto mmoja, anahitaji vyote. Mkiwaweka wote kwenye fungu moja, hamjamsaidia hata mmoja.

Ya pili, Dzaleka siyo ya kabila moja. Tuko Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia, Wasomali, na waliotufukuza kwetu wengine ni ndugu wa jirani wa mlango wa pili, au ndivyo watu wanavyosemezana. Helikopta yenye bendera fulani inaweza kuwasha moto kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo kikundi chetu kina sheria tatu. Hakuna bendera kwenye modeli mpaka wote tumekubali. Hakuna kumlenga mtu, hata kwa mchezo. Na anayejenga lazima aweze kusimulia: chombo hiki kilijengwa wapi, kilifanya nini, na nani alikuwa chini yake. Sheria ya tatu ndiyo ngumu. Wengine wameacha modeli nusu kwa sababu ya sheria hiyo, na hatuwalazimishi kumaliza.

Ya tatu ni ya mwili tu. Bati linakata vidole, na kuchoma matairi ili kutoa waya kunajaza moshi vifuani mwetu na vya majirani. Hilo tuache, bana. Waya upo mwingine.

Baada ya hayo, tunachoomba si kikubwa.

Wazazi wetu, mkiona mtoto anajenga ndege ya vita, kabla hamjaitupa muulizeni ni ndege gani. Jibu lake litawaambia kama mna mtoto mwenye hofu au mna mhandisi, au vyote pamoja. Mwaka 2016 magazeti yaliandika habari za fundi wa kuchomelea hapahapa Dowa aliyejenga helikopta ya kukaa mtu ndani, kwa vyuma na injini alivyovipata. Hatusemi kila mtoto atafika huko. Tunasema mikono inaanzia mahali.

Nyinyi wa mashirika, msipige picha bila kuuliza, na msiandike maneno ya daktari chini ya picha kama nyinyi si madaktari. Kwenye bajeti ya vifaa vya vijana ongezeni koleo, mkasi wa bati, glavu na rula. Ikifika tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, acheni modeli za jeshi zikae na kazi nyingine, na aliyezijenga asimame pembeni azieleze kwa mdomo wake.

Na kuna Lilongwe. Kule Old Town, karibu na posta, magari ya waya yanauzwa kwa wageni, na mafundi wake ni watu tungependa kukaa nao hata wiki moja. Lakini tangu serikali ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, kutoka hapa bila kibali ni kujitafutia matatizo. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikapangiwa watu kama 10,000, leo tuko zaidi ya 50,000. Hatuwezi wote kuishi kwa kuuziana nyanya. Mwenye uwezo wa kutuombea kibali cha mafunzo, hata kwa vijana watano, atakuwa ametusaidia kuliko semina kumi za kujiamini.

Wadogo zetu, nyinyi endeleeni. Pimeni mara mbili, kateni mara moja. Na mtu akiwauliza mbona mnajenga vitu vya kuua, msikasirike. Mpeni kiti, mwambieni ukweli wote wa hicho chombo, tangu msumari wa kwanza mpaka watu waliokuwa chini yake. Wengi wa wanaouliza hawajawahi kusimuliwa.