Heroini ina methadoni, methamfetamini haina. Panya wanatuonyesha nini?

Desemba 2023, Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA), Aretas Lyimo, alitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Ilielezwa kuwa haijawahi kukamatwa shehena kubwa kiasi hicho nchini.

Kwa msomaji wa Songea, neno la kwanza la kuangalia hapo ni Iringa. Ndiyo njia ya mabasi yetu ya Dar: Iringa, Makambako, Njombe, halafu nyumbani. Hakuna aliyesema mzigo ule ulikuwa unakuja huku. Ila habari za dawa hizi si za Kinondoni na Tanga peke yake tena.

Neno la pili ni methamfetamini. Heroini, yaani unga, tumeisikia miaka mingi. Hii nyingine inafanya kazi tofauti kichwani, na tofauti hiyo inabadilisha mambo yote ya tiba.

Breki na injini

Ubongo una kemikali inaitwa dopamini. Inatoka kidogo ukila ukiwa na njaa, ukisifiwa, timu yako ikifunga. Kazi yake ni kuuambia ubongo: hiki kimelipa, kirudie.

Heroini ikifika kwenye ubongo inageuka mofini, inashika vipokezi maalumu na kuzima seli zinazofanya kazi kama breki. Dopamini inaachiwa. Methamfetamini haihitaji kupitia kwenye breki. Inaingia ndani ya seli yenyewe, inaisukuma dopamini nje kwa wingi na kuizuia isirudi.

Ndiyo maana heroini ina tiba mbadala. Methadoni inashika vipokezi vilevile polepole na kwa muda mrefu, arosto inatulia, mtu anaweza kwenda kazini. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, na kwa kawaida mtu anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa methamfetamini hakuna kitu kama hicho. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuwa tiba ya uraibu wake.

Panya na mlango

Kwetu Ruvuma panya anajulikana kwa kuiba mahindi ghalani. Kumbe mengi tunayoyajua kuhusu uraibu yalianzia kwake. Mwaka 1954 huko Montreal, Canada, James Olds na Peter Milner waliunganisha waya kwenye ubongo wa panya, akibonyeza kipande cha chuma anapata umeme kidogo. Panya wakabonyeza bila kukoma. Baadaye umeme ukabadilishwa na dawa, panya anajipa mwenyewe kupitia mrija ulioingia kwenye mshipa. Watu wakahitimisha kwamba dawa ikishakuteka, basi.

Lakini panya yule alikuwa peke yake ndani ya kasha, hana kingine cha kuchagua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bruce Alexander, naye wa Canada, aliwajengea panya eneo kubwa lenye wenzao na vitu vya kuchezea, wakanywa mofini kidogo kuliko waliofungiwa mmoja mmoja. Majaribio ya kurudia kazi yake yalitoa majibu yanayopishana, kwa hiyo mimi nisingeegemea hapo tu.

Lenye nguvu zaidi ni la 2018. Marco Venniro, Yavin Shaham na wenzao nchini Marekani waliwazoesha panya methamfetamini, kisha wakawapa vibonyezo viwili: kimoja kinaleta dawa, kingine kinafungua mlango alipo panya mwenzake. Karibu wote walichagua mwenzake, hata wale waliokuwa na dalili za uraibu mkubwa.

Sehemu inayotuhusu ni hii. Mlango ulipocheleweshwa kufunguka, au panya alipopigwa umeme kidogo kwa kuuchagua, alirudi kwenye dawa. Na panya walionyimwa dawa kwa lazima, bila mwenza, hamu yao baada ya mwezi ilikuwa kubwa kuliko mwanzoni. Waliokuwa wanachagua mwenza, hamu haikupanda hivyo.

Ni kweli, panya hana kodi ya chumba wala kesi polisi, na binadamu si panya. Lakini angalia tunavyofanya mtaani. Kijana akijulikana anatumia, jina lake linakuwa "teja". Mwenye bodaboda anachukua pikipiki yake, ndugu wanaficha simu, anawekwa ndani miezi kadhaa, anarudi Lizaboni au Mfaranyaki hakuna anayemfungulia mlango. Tumemnyima dawa kwa lazima, na akijaribu kurudi kwa watu tunampiga umeme.

Kwa watu, njia yenye ushahidi mzuri kwa dawa za aina hii ni rahisi hadi inashangaza: mtu anapimwa mkojo, ukiwa safi anapewa vocha au zawadi ndogo palepale, pamoja na ushauri. Palepale, si mwisho wa mwezi. Haihitaji mashine kubwa, inahitaji kipimo cha mkojo, mshauri na bajeti.

Kwa hiyo mkoa ukizungumzia dawa za kulevya, tusiulize tu kilo ngapi zimekamatwa. Tuulize pia nani anapima, nani anashauri, na kijana akitoka huko nani atampa pikipiki tena.